FEDHA KWANZA, UFUNGUO BAADAYE



Siku hizi katika gengi letu, na katika stesheni za Emali, Makindu na Kibwezi, habari ni moja: fulani auza motokaa yake. Anayestaafu auza pikapu, mwenye karo za watoto auza pikipiki. Kuuza si vibaya. Lakini namna tunavyopokea fedha hainipendezi hata kidogo, nami nataka tusemezane waziwazi, maana motokaa ya mfanya kazi ni akiba ya miaka mingi, nayo yaweza kupotea mchana mmoja.

Yuko mwenzetu aliyeuza pikapu kwa shilingi 600,000. Mnunuzi alisema Kikamba kizuri, akataja hata majina ya wazee wa kijiji. Ijumaa jioni hundi ikapelekwa benki, karani akagonga mhuri kwenye karatasi, na mwenzetu akatoa ufunguo na logibuku. Mhuri ule maana yake ni kwamba hundi imepokewa, basi. Haisemi kwamba fedha zimeingia. Juma lililofuata hundi ilirudi, haina kitu. Ni kweli Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 316A, yasema kutoa hundi huku ukijua huna fedha ni kosa. Lakini mtu akifungwa, pikapu hairudi kwa hilo.

Wengine watasema, mimi sichukui hundi, nachukua M-Pesa. Haya. Tangu Agosti 2023 mtu hawezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na simu yako haiwezi kuweka zaidi ya 500,000. Basi akikuonyesha ujumbe mmoja kwamba amekutumia 600,000, huyo ni mwongo, huna haja ya kumwuliza zaidi. Na kwa pikipiki ya 80,000, ujumbe peke yake usiuamini, kwa sababu ujumbe huandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Tazama salio lako mwenyewe kwa *334#. Tena kumbuka kwamba aliyetuma aweza kuomba fedha zirudishwe, akidai alikosea namba. Kwa hiyo ziondoe humo upesi, uziweke benki au katika ushirika wa akiba, na mkataba wenye sahihi yake uwe mkononi mwako.

Fedha nyingi zije kutoka benki hadi benki. Njia ya RTGS zikishaingia hazirudishwi kwa neno la aliyetuma. Pesalink nayo hufika mara moja, mradi zisifike shilingi milioni moja. Mwende wote wawili benki asubuhi ya siku ya kazi, wala si Ijumaa jioni, na karani wa benki yako wewe, si ya kwake, aseme kwamba fedha zimo na waweza kuzitoa. Akileta noti, zihesabiwe kwa mashine palepale dirishani. Noti za zamani za shilingi elfu zilikwisha kazi tarehe 30 Septemba 2019, lakini bado wako wanaojaribu kuzichomeka katikati ya bunda.

Najua kinachotuponza, nacho ni haya. Sisi watu wa Kitui na Makueni twaona ni matusi kumwambia mtu wa kwetu, "Nione fedha kwanza." Twamwachia gari, twasema atamaliza baada ya mavuno ya maembe. Mimi nauliza: dereva wa treni huondoka stesheni kwa kuwa anafahamiana na bwana stesheni? Hungoja ruhusa ya njia, wala hakuna anayenuna. Na tangu barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo itiwe lami, wanunuzi watoka mbali, na gari lililotoka Kibwezi asubuhi laweza kuwa popote kabla ya jua kuchwa.

Hatari nyingine ni kuuza bila kubadili jina. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, yasema mwenye jina katika daftari ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Pikipiki uliyouza ikimgonga mtoto pale Wote, utakayetafutwa kwanza ni wewe. Kifungu cha 9 chatoa siku kumi na nne tu, mwenye gari mpya awe ameandikishwa. Uhamisho huanzishwa na mwuzaji kwa eCitizen, kisha mnunuzi akakubali. Basi ufanyeni pale pale benki, fedha zikishaonekana, wala usimpe mtu neno lako la siri ati akusaidie. Mkataba uandike namba ya chesisi, namba ya injini, bei kwa maneno, na saa ya kukabidhi.

Mnunuzi naye ana hofu yake, na ni haki. Mwacheni atafute rekodi ya gari kwanza, aone kama lina deni la benki. Anayekataza hilo ana jambo.

Naomba tawi letu lifanye hivi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katibu akae na fomu za mkataba zilizochapwa, ili mwanachama anayeuza asaidiwe kuijaza kabla ya kwenda benki, na nakala moja ibaki katika faili la tawi. Gharama ni karatasi na wino. Nimeandika ombi hili, nalitaka liwe katika ajenda ya mkutano ujao.

Mfanya kazi wa reli, Makindu