Mtani Asiyeshika Chepe

Pale stendi ya Msamvu, yanapopishana mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, mpiga debe anamsakama mama aliyeshuka na tenga la mboga za Mgeta. Anaigiza lafudhi yake, anamwita mshamba, anafika mpaka kwenye maumbile. Mama akinuna, jibu lipo mdomoni: "Aa, mama, si utani tu!" Nasi watu wazima tunatikisa kichwa: huyu mama hajui utani.

Imani hiyo, kwamba ukishataja utani umejisafisha, ni uongo, tena wa kizembe.

Waluguru, wenyeji wa Mgeta, hawakumtania kila apitaye. Ukoo, ambao kwao hufuata upande wa mama, ulikuwa na koo zake za utani, na zilijulikana. Mtani alikutukana mbele za watu, hata kuku wako akamchukua, ukabaki unacheka. Lakini ukifiwa, huyohuyo alikuwa na kazi zake msibani, kuanzia kaburini, na hakuwa na pa kuzikwepea. James Christensen, Mmarekani aliyeandika juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, aliutaja wajibu kwenye kichwa chenyewe cha makala yake, bega kwa bega na mizaha. Sisi tumebakiza mizaha.

Isitoshe, utani ulikuwa wa kujibizana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani. Mhehe akimcheka Mngoni anajua atarudishiwa, pengine kwa riba. Mama wa Mgeta atamrudishia nini kijana mwenye kundi zima la wachekaji nyuma yake? Na binti wa ofisini atamjibu nini bosi anayetania makalio yake? Anayetaniwa akinyimwa nafasi ya kujibu, huo ni ubabe, na kicheko cha wasikilizaji hakiupunguzi hata kidogo.

Wapo watakaosema mjini hakuna koo, hivyo sote ni watani. Haya, nakubali. Basi tuuchukue mzigo mzima. Nina rafiki wa kijiwe cha kahawa ambaye kila akiniona ananiita mchawi. Mjomba alipofariki, alitangulia makaburini na chepe lake. Huyo aniite atakavyo. Wenzake wapo wanaomshinda kwa kejeli, tena mbali sana, ila daftari la rambirambi likianza kuzunguka, simu zao hazipatikani.