Redio ya muziki wa kucheza Dar: wasikilizaji wapo, hela ziko wapi?

Singeli imetoka mbali. Muziki uliozaliwa uswazi ya Dar es Salaam, kwenye vichochoro vya Manzese, Tandale na Mburahati, leo unaukuta hadi kwenye spika za bodaboda huku Endagikot, Mbulu. Baridi ya milimani haijauzuia.

Kwa hiyo swali la watu wa redio linaeleweka: kama ngoma hizi zinapendwa hivi, kwa nini Dar haina kituo kikubwa kinachopiga muziki wa kucheza tu, asubuhi hadi usiku?

Jibu fupi ni hili. Kama kipindi, muziki huu una maisha marefu redioni. Kama kituo kizima, ni ngumu. Na ugumu wenyewe hautokani na watu kutoupenda.

Soko kubwa, lakini limejaa

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Mkoa wote wa Manyara, Mbulu na Hanang ndani yake, ulikuwa na 1,892,502. Kwa kampuni inayouza soda, bando au tiketi za kubeti, hesabu inaanzia Dar.

Shida ni kwamba kila mtu ameshaiona hesabu hiyo. Kabla ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993, Bara ilikuwa na redio ya serikali tu. Leo vituo nchini vimepita 200. Clouds FM ilijenga jina lake na Bongo Fleva tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. EFM iliingia hewani 2014. Wasafi FM ya Diamond Platnumz ikafuata 2019.

EFM ndiyo mfano wa kuangalia kwa makini. Ilipoanza, singeli ilikuwa muziki wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na wengi waliuita wa kihuni. EFM iliuweka hewani bila aibu. Akina Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba wakajulikana nje ya mitaa yao, na kituo kipya kikapata wasikilizaji ambao wakubwa walikuwa hawawashughulikii.

Lakini EFM haikuwahi kuwa redio ya singeli tupu. Ilikuwa redio ya mtaani yenye singeli ndani yake, pamoja na stori za maisha, simu za wasikilizaji na mpira. Ina Sports HQ, kama Clouds ilivyo na Sports Extra na Wasafi ilivyo na Sports Arena. Ngoma inamleta msikilizaji. Ubishi wa Simba na Yanga ndio unaomkalisha.

Anayecheza hana habari na redio

Hapa ndipo muziki wa kucheza unapojikwaa. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Saa moja asubuhi, mtu yuko kwenye foleni ya Ubungo anawahi kazini, anataka kujua barabara ikoje na magazeti yameandika nini. Mzuka wa kurusha mikono bado haujaamka.

Usiku wa Jumamosi, mzuka unapopanda, mtu huyo huyo hayupo karibu na redio. Yuko kwenye shughuli, na mbele yake kuna DJ mwenye laptop na spika zake. Akiwa peke yake ana simu, ana YouTube, ana Boomplay.

Kinachobaki kwa redio ni jioni ya siku za kazi na mchana wa wikiendi. Ni muda mzuri, lakini hautoshi kulipa mishahara, umeme, leseni na mitambo ya saa 24.

Tangazo linafuata mfuko

Mwenye tangazo hanunui wimbo, ananunua mfuko wa anayesikiliza. Vijana wengi wanaoipenda singeli wanaishi kwa kipato cha kutwa. Wananunua bando dogo, soda, vocha, mkeka wa kubeti. Hizo ni hela, tena nyingi zikikusanywa, ila zinatoka kwa kampuni chache. Moja ikipunguza bajeti, kituo kinayumba.

Benki, bima na wauza magari wanapenda vipindi vya asubuhi vya maongezi. Kituo kisicho na maongezi kinawaaga hao tangu mwanzo.

Halafu kuna maudhui. Vigodoro vina lugha yake, na si yote inapita hewani mchana. TCRA si ya kuchezea: Septemba 2020 iliifungia Wasafi FM kwa siku saba kwa kukiuka kanuni za maudhui. Kituo kinachotegemea muziki wa mtaani saa zote kinabeba hatari hiyo saa zote.

Somo la zamani: hela ilikuwa mlangoni

Tanzania iliwahi kuwa na muziki wa kucheza uliotawala redio. Ni muziki wa dansi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964 na leo inaitwa Msondo Ngoma, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, zilirekodi kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Hazikutajirika kwa kupigwa redioni. Wimbo ukipigwa katikati ya wiki, ukumbi unajaa mwisho wa wiki. Bendi iliishi kwa kiingilio.

Redio za sasa zimelielewa somo hilo kuliko zinavyosema. Clouds ina Fiesta. Wasafi ina Wasafi Festival. EFM ina Muziki Mnene. Kituo kinapiga ngoma bure hewani, kisha kinavuna kwenye tiketi na udhamini uwanjani. Kwa muziki wa kucheza, redio ni bango. Duka liko kwingine.

Kwa singeli kuna mkwamo mmoja zaidi. Kigodoro hakina kiingilio. Mwenye shughuli ndiye anayelipa mziki, mtaa mzima unacheza bure. NEMC nayo imekuwa ikizibana baa na kumbi kwa kelele. Anayetaka kuugeuza mkesha wa mtaani kuwa tamasha la tiketi lazima apate eneo na kibali, na mashabiki waliozoea kuingia bila kulipa.

Msanii anapata nini?

Hapa ndipo suala linapouma. Januari 2022 COSOTA iligawa takriban Sh milioni 312 za mirabaha kwa wasanii zaidi ya 1,100 ambao kazi zao zilitumika redioni na kwenye televisheni. Gawanya kwa wote, wastani haufiki Sh 300,000 kwa mtu. Nyota anapata zaidi, na kijana wa Tandale aliyerekodi kwenye chumba cha geto anapata kidogo au hapati kabisa kama wimbo wake haujasajiliwa.

Wakati huo huo, nje kuna watu wanaolipia muziki huo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio moja ya Dar. Baada ya hapo watayarishaji kama Jay Mitta na Bamba Pana wakaanza kuzungumzwa Ulaya. Mashabiki wa kule hawaelewi hata neno, wanafuata mwendo. Nyumbani ngoma zile zile bado zinasubiri kupewa saa moja jioni.

Waliojaribu kujitosa mzima mzima

New York ina mfano mzuri. Mwaka 1978 kituo cha WKTU kiligeukia disko, na ndani ya miezi michache kikawapita wakongwe wa jiji akiwemo WABC. Upepo wa disko ulipopungua, kituo kilihangaika kubadilika, na 1985 kikageuzwa kuwa cha muziki wa roki kwa jina jingine.

Funzo lake si kwamba muziki wa kucheza haulipi. Unalipa haraka sana, na unaondoka haraka vilevile. Kituo kilichofunga ndoa na mdundo mmoja hakina pa kukimbilia mdundo ukichuja.

Mbulu inahusikaje?

Vijana wa Endagikot hawakuwa kwenye hesabu ya mwenye redio wa Dar, ila uamuzi wake unawafikia. Redio inayojulikana zaidi hapa ni Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu, na hakuna anayetegemea redio ya kanisa ikeshe na vigodoro. Kinachobaki ni vituo vya Dar pale masafa yanaposhika, na fundi wa stendi anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi.

Flashi hiyo haina mipaka: singeli inafuatwa na nyimbo za harusi za Kiiraqw, kisha Bongo Fleva. Ni ratiba ambayo redio nyingi zingeionea wivu. Tatizo ni kwamba haimlipi msanii hata senti. Kila saa ambayo redio inaiacha, flashi inaichukua, na mrabaha unapotea.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni ratiba. Singeli ikihamishwa kutoka jioni hadi usiku wa manane, ujue vituo vimeanza kuikimbia. Muziki wa dansi ulipita njia hiyo hiyo: haukufutwa, ulisogezwa tu hadi ukabaki wa kumbukumbu za wikiendi.

La pili ni matamasha. Kituo kitakachoweza kuuza tiketi ya singeli kwa bei ya mtaani, na watu wakarudi salama, kitakuwa kimepata kile ambacho matangazo hayajakipa.

La tatu ni orodha ya nyimbo zinazopigwa. Redio ikiripoti kila ngoma, na msanii akasajili kila kazi, hata kipindi cha saa mbili kwa siku kitakuwa na maana mfukoni mwake.

Redio ya kucheza saa 24 jijini Dar inaweza kuanzishwa kesho na ikabamba mwaka mmoja. Atakayedumu ni yule atakayeipa singeli saa zake nzuri, akaachia mpira na maongezi yalipe kodi ya pango, na akakumbuka kumlipa aliyeutengeneza mdundo.