Lec, nani alikufundisha kufundisha?

Hebu nikuulize swali ambalo huenda hujawahi kujiuliza, hata kama umekaa miaka minne kwenye kumbi za mihadhara. Mwalimu wako wa chekechea alisomea ualimu. Wa shule ya msingi naye alisomea, akaenda mazoezi ya kufundisha huku msimamizi amekaa nyuma ya darasa anaandika kwenye daftari, kisha akasajiliwa na TSC. Wa sekondari vivyo hivyo. Halafu unafika chuo kikuu, mahali ambapo wazazi wameuza mbuzi ndio ufike, na anayesimama mbele ya watu mia tatu mara nyingi ni mtu ambaye hakuna siku hata moja alifundishwa namna ya kufundisha. Ana PhD, sawa. Anajua udongo, au sheria, au takwimu, kuliko yeyote ndani ya ukumbi huo. Lakini kujua kitu ni shughuli moja, na kumfanya mwenzako akijue ni shughuli nyingine kabisa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, sitadanganya. Lakini pia kulikuwa na kozi ya takwimu ambayo lec aliingia na noti za manjano, akasoma, tukaandika, akatoka. Ukiuliza swali unaambiwa nenda ukasome. Muhula mzima. Chuo chenyewe sikitaji, na wala haina haja, kwa sababu ukiwauliza makomredi wa vyuo vingine watakupa hadithi hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo ya noti. Simchukii yule lec. Yaani, nikifikiria vizuri, alikuwa anafundisha jinsi alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine.

Ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia, kwa wivu kidogo, jambo ambalo limekuwa likiendelea Afrika Mashariki bila kelele nyingi: wahadhiri wa vyuo na nchi tofauti kukaa pamoja, siku hizi sana sana mtandaoni, na kufundishana kufundisha.

Mwaka 2018 ulianzishwa mpango unaoitwa PedaL. Unaratibiwa na PASGR, shirika lenye makao yake Nairobi, na miongoni mwa vyuo vilivyouanzisha wamo Egerton, Dar es Salaam, Ibadan, Ghana na Uganda Martyrs. Mwanzoni walikuwa wakikutana ana kwa ana, siku kadhaa mfululizo, mtu mzima na uprofesa wake amekalia kiti cha mwanafunzi. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020, mafunzo yakahamia kwenye skrini. Kipindi hicho hicho kulikuwa na mradi mwingine, TESCEA, uliounganisha Mzumbe na Dodoma kule Tanzania na Gulu na Uganda Martyrs kule Uganda, huku chama cha wahadhiri cha hapa Kenya, AFELT, kikisaidia kufundisha mbinu.

Wanafundishana nini hasa? Kwa mfano, kupanga kozi kuanzia mwisho. Badala ya kuuliza "nina sura kumi na nne za kumaliza, nizigaweje?", unauliza mwanafunzi akimaliza aweze kufanya nini, kisha utajuaje kwamba anaweza, ndipo unachagua cha kufundisha. Wanafundishana kutuma usomaji mapema ili saa mbili za darasa ziwe za kubishana na kujaribu badala ya kuandika imla. Wanafundishana kutumia visa vya kweli, kuigiza, kugawa makundi ambayo hayaachi mtu mmoja afanye kazi ya watu sita (komredi, unajua ninachosema). Wanaangalia hata nani anaulizwa maswali darasani, wavulana au wasichana. TESCEA wao walikwenda mbali zaidi, wakawaita waajiri na watu wa jamii mezani waseme wahitimu wanakwama wapi. Hebu fikiria mhadhiri anaambiwa na mwajiri, ana kwa ana, kwamba watoto wake wanajua nadharia lakini hawawezi kuandika ripoti ya kurasa mbili. Hapo hakuna pa kujificha.

Kwetu ni Ndera, kando ya Mto Tana, pande za Garsen. Mto ukifurika na maji yakashuka, watu wanapanda kwenye lile tope lililobaki. Na shamba halina mlango. Kila anayepita njiani anaona ulichopanda, na hatanyamaza: mbona mahindi yako yamekuwa manjano, mbona umebananisha, mbegu hii ulitoa wapi? Wakati mwingine inaudhi. Ila hivyo ndivyo mkulima kijana anavyojua kulima kabla hajafika miaka ishirini. Sasa linganisha na darasa la chuo kikuu. Mhadhiri anaweza kufundisha miaka ishirini bila mwenzake hata mmoja kukaa nyuma na kumtazama. Wanafunzi tunaona, lakini sisi tunajaza fomu ya tathmini mwisho wa muhula, na fomu inakwenda isikorudi.

Kwa nini basi iwe mtandaoni na kuvuka mipaka? Kwani hawawezi kufundishana pale pale chuoni? Wanaweza, na wafanye. Lakini fikiria vyuo vinavyotuhudumia sisi wa Tana River. Ukitoka Ndera unashuka Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake 2013, au unapanda Garissa, ambako chuo kilipata hati 2017. Ni vyuo vichanga. Katika chuo kichanga idara inaweza kuwa na watu watatu, mmoja yuko masomoni, mwingine ndiye mkuu wa idara na anamezwa na mikutano. Huyo wa tatu amuulize nani? Labda mwenzake anayefundisha kozi hiyo hiyo yuko Dodoma, na mwingine Gulu. Pia kuna jambo ambalo wahadhiri hawalisemi hadharani: ni rahisi kukiri mbele ya mgeni kwamba darasa lako linasinzia kuliko mbele ya mtu mnayegombea naye cheo kimoja.

Jambo hili lina historia, na historia hiyo inafundisha. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, AVU. Wakati huo wazo lilikuwa setilaiti: profesa anafundisha Marekani au Ulaya, picha inashuka kwenye ukumbi Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza. Yaani noti za manjano, ila zimetoka angani. Makao yalihamia Nairobi 2002, na baadaye kazi ikabadilika kabisa. Wahadhiri wa vyuo 12 katika nchi 10, kuanzia Senegal hadi Zimbabwe, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, waliandika pamoja moduli 73 za kufundishia walimu hisabati, sayansi na kompyuta. Mmoja anaandika, wengine wanapitia, inarudi, inasahihishwa, halafu inawekwa wazi mtu yeyote aitumie bure. Kwangu mimi tofauti kati ya awamu hizo mbili ndiyo hoja yote. Teknolojia ya kwanza ilikuwa ghali zaidi. Ya pili ilihitaji barua pepe, na watu waliokubali kusahihishwa.

Na usiniambie mambo haya ni ya Nairobi na Dar tu. Jirani zetu wa Kaunti ya Garissa wana Dadaab, kambi ya wakimbizi, joto na vumbi, mtandao wa kubahatisha. Tangu 2013 mradi wa BHER umewaunganisha wahadhiri wa York na British Columbia kule Kanada na wa Kenyatta na Moi hapa kwetu, wakawafundisha walimu wa kambini kuanzia cheti hadi shahada, mtandaoni na ana kwa ana. Ikiwa vyuo vinne vya mabara mawili vinaweza kupatana ratiba ya kufundisha Dadaab, basi idara mbili zilizotenganishwa na basi la usiku mmoja hazina kisingizio.

Sasa nisijifanye kila kitu mtandaoni ni dhahabu. Kuna webina na kuna kujifunza pamoja, na watu huvichanganya. Webina ni watu mia nne kwenye Zoom, kamera zimezimwa, mmoja anaongea, wengine wako kwa kinyozi wanasubiri cheti kitumwe kwa barua pepe. Hiyo ni ule ule muhadhara wa zamani, sema sasa anayesinzia ni lec. Kinachosaidia ni kundi dogo lenye kazi ya mikono: leta mpango wa kozi yako, mimi nilete wangu, tubadilishane, jaribu mbinu moja wiki hii, rudi Ijumaa utuambie ilivunjikia wapi. Kinahitaji muda, bando na stima isiyopotea. Chuo kikimwambia mhadhiri ajigharamie vyote vitatu, kinatania.

Na hapa ndipo ninapogombana na wakubwa wa vyuo. Mhadhiri akitaka kupandishwa cheo, kinachopimwa zaidi ni amechapisha makala ngapi na amesimamia wanafunzi wangapi wa uzamili. Kozi aliyoiandika upya hadi wanafunzi wakaacha kuikimbia haina uzito wowote unaoonekana. Kwa hivyo yule anayetumia miezi mitatu na wenzake wa nchi nyingine kuboresha ufundishaji anajipunguzia muda wa kuandika makala. Ni kama tunamtoza faini. Itieni kwenye alama za kupanda cheo, mtaona watakavyojaa.

Najua jibu litakalokuja. Wahadhiri wenyewe wana njaa, mgomo wa 2025 uliendelea siku 49, wale wa muda wanasubiri malipo miezi na miezi, halafu mimi niliyeacha chuo nawaambia waingie darasani tena? Hoja hiyo ni nzito na sina nia ya kuikwepa. Mtu ambaye hajalipwa hawezi kuombwa ajitolee. Lakini walipwe ili wafanye nini? Siku mgomo ule ulipoisha, makomredi walirudi kwenye noti zile zile. Mshahara na mafunzo vidaiwe pamoja, na ningependa siku moja nione kwenye orodha ya madai ya chama cha wahadhiri kipengele kinachosema: tupeni saa za kujifunza kufundisha, na muzihesabu kama kazi.

Kitu kingine kinachonikera kidogo. Zile moduli za AVU zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakuna, ilhali makao yalikuwa Nairobi. Si kwamba haiwezekani: mradi wa TESSA, ulioanza 2005 kuwasaidia wanaofundisha walimu, ulitoa vifaa vyake kwa Kiswahili pia, kwa ajili ya Tanzania. Wahadhiri wa Kiswahili ndio wangepaswa kuwa mbele hapa. Wametapakaa kuanzia Zanzibar hadi Marekani, lugha wanayo tayari, hawahitaji mkalimani. Watabishana juu ya tarakilishi na kompyuta siku mbili za kwanza, halafu kazi itaanza.

Haraka yangu inatokana na kalenda. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walianza Gredi ya 10. Watafika vyuo vikuu 2029, wengine wao wakitoka Ndera, watoto ambao tangu shule ya msingi wamezoea kufanya miradi, kuwasilisha na kuuliza. Watakaa kwenye kumbi zile zile, mbele ya wahadhiri wale wale. Kati ya leo na siku hiyo kuna likizo ndefu chache tu, na likizo ndefu ndio wakati pekee ambao mtu wa Kilifi anaweza kukaa jioni na wenzake wa Dodoma na Gulu, bila mitihani ya kusahihisha, wakaandika kozi upya.