REDIO ISIYOHITAJI BETRI

Ndugu msomaji, mzazi akimkuta mwanawe amezungukwa na nyaya na makopo, aghalabu humkemea kwamba anachafua nyumba. Leo natujadili mchezo mmoja wa namna hiyo, ambao wakati fulani uliwafaa watu wazima katika dhiki kubwa: kuunda redio kwa mikono.

Mnamo Mei 1943, utawala wa Kijerumani ulioikalia Uholanzi uliwaamuru wananchi wasalimishe redio zao, ili wasisikie matangazo ya Redio Oranje kutoka London. Kukutwa na redio kukawa kosa la kufungwa. Hata hivyo, wako waliozificha chini ya sakafu, na wako waliounda nyingine kwa siri. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa iliua maelfu ya watu na umeme ukakatwa majumbani. Redio za kiwandani zikanyamaza. Lakini wenye redio hizo ndogo waliendelea kupata habari.

Zilifanyaje kazi bila umeme? Waya mrefu uliotundikwa juu hunasa mawimbi. Waya mwembamba wa shaba, uliozungushwa mara 80 au 100 kwenye bomba la karatasi ngumu, husaidia kuchagua kituo. Kisha kipande cha madini ya galena, kikiguswa na ncha ya waya, huruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Hapo sauti hutengana na wimbi lililoibeba, ikasikika katika kisikizio cha sikioni. Nguvu yote hutoka katika wimbi lenyewe. Siku hizi diodi ndogo hushika nafasi ya galena.

Mzazi anayetaka kujaribu azingatie mambo mawili. Kwanza, redio hii hunasa mawimbi ya kati, si FM, na kituo chenye nguvu sharti kiwe karibu. Pili, waya wa nje ukae mbali kabisa na nyaya za umeme, uteremshwe kabla mvua ya radi haijakaribia. Wala pasiunganishwe kitu chochote na soketi ya ukutani.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukemea, keti kwanza uulize kinaundwa nini. Mtoto aliyesikia sauti katika chombo alichokiunda mwenyewe hatakiona tena kuwa ni uchawi. Na ujuzi wa namna hiyo hakuna amri iwezayo kuukusanya nyumba kwa nyumba.