Usaili Unapima Nini?

Kabla sijaingia katika kazi ya kufundisha chuo kikuu, nilikuwa msanidi programu. Kwa miaka minne niliandika na kutunza mfumo wa malipo wa kampuni ndogo jijini Dar es Salaam. Ulipokwama usiku wa manane, mimi ndiye niliyeamshwa. Kwa hiyo nilipoomba kazi katika kampuni kubwa ya teknolojia ya ng'ambo, niliamini kwamba nitaulizwa juu ya kazi hiyo. Sikuulizwa.

Usaili ule ulikuwa na hatua tano. Ya kwanza yalikuwa mazungumzo ya simu na afisa ajira. Ya pili, mtihani wa mtandaoni wa dakika tisini. Katika hatua ya tatu nilipewa kazi ya kufanyia nyumbani: nijenge programu ya kupokea oda za wateja, pamoja na majaribio na maelezo yake. Ilinichukua usiku nne, kwa kuwa mchana nilikuwa na mwajiri. Sikulipwa hata senti.

Hatua ya nne ilifanyika mbele ya kamera. Mhandisi kijana, mwenye adabu nyingi, alinitaka niandike namna ya kuupindua mti wa data, matawi ya kushoto yawe kulia, huku nikieleza kwa sauti, kwa Kiingereza, kila ninachofikiri. Jibu nililijua, niliwahi kuwaelekeza wenzangu kazini. Siku ile vidole viligoma. Hatua ya tano sikuiona. Nilipata barua pepe ya mistari miwili, na nilipouliza nimekosea wapi, nilijibiwa kwamba utaratibu hauruhusu kueleza.

Msomaji anaweza kusema kwamba hizi ni sizitaki mbichi hizi. Huenda. Lakini sikuwa wa kwanza. Mwaka 2015 Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, programu inayotumiwa na wasanidi wengi duniani, aliandika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu alishindwa kuupindua mti huohuo ubaoni. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na wenzao wa Microsoft, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 48. Baadhi walitatua swali ubaoni mbele ya msaili. Wengine waliachwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Wanafunzi 48 ni wachache, na wanawake miongoni mwao walikuwa wachache zaidi, lakini matokeo hayo yanatosha kutufanya tuulize: usaili huu unapima ujuzi, au unapima uwezo wa kustahimili kutazamwa?

Unapima pia jambo jingine, nalo ni nafasi. Usaili wa namna hii hujiandaliwa kwa miezi. Vipo vitabu vizima vya kazi hiyo. Kinachojulikana zaidi, cha Gayle Laakmann McDowell, kilitoka mara ya kwanza mwaka 2008. Mwenye umeme wa uhakika, bando la kutosha na mzazi wa kumlisha atafanya mazoezi mia tatu. Anayerudi nyumbani saa tatu usiku kwa daladala, na mtoto anamsubiri, hatafanya. Siku ya usaili wote wawili watapewa swali moja, kisha tutaambiwa kwamba huo ndio usawa.

Hata hivyo, haki inatutaka tuutazame upande wa pili. Katika nchi ambayo kijana huulizwa kwanza "unamjua nani pale?", mtihani wa aina moja kwa wote ni hatua ya maana. Swali la mti halijui ukoo wa mtu. Anayedai mitihani ifutwe, na mwajiri aangalie "uzoefu" tu, anaufungulia mlango wa nyuma mtoto wa fulani. Mimi sidai mitihani ifutwe. Nadai ifanane na kazi.

Hapa nawageukia watumishi wa umma. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira una mchujo, na kwa baadhi ya kada una usaili wa vitendo kabla ya mahojiano. Kwa wataalamu wa TEHAMA, vitendo viwe moyo wa usaili: mwombaji apewe programu yenye hitilafu, kompyuta na saa mbili, aitengeneze, kisha aeleze alichofanya. Kampuni binafsi nazo zilipie kazi ya nyumbani inayozidi saa chache, maana jasho la mwombaji ni jasho. Na kila anayekataliwa baada ya kufika mbali aambiwe sababu, hata kwa sentensi moja.

Nikiwa nimefika hapo, sina budi kujishitaki mwenyewe. Mtihani wa mwisho wa somo langu la programu huandikwa kwa kalamu, kwenye karatasi, chini ya macho ya msimamizi. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinijia ofisini akaniuliza, "Mwalimu, ni kazi gani huko nje tutaandika programu kwa kalamu?" Nilianza kumweleza habari za taratibu za chuo. Katikati ya sentensi nikaisikia sauti ya ile barua pepe ya mistari miwili.

Nimeomba idara iniruhusu kuhamishia nusu ya alama maabara. Kila mwanafunzi atapewa programu iliyoharibika, na baada ya matokeo ataonyeshwa alipokosea. Kompyuta ni chache, hivyo tutaingia kwa zamu, na mimi nitasahihisha hadi usiku. Nilishakesha usiku nne kwa ajili ya wasiotaka kunieleza kosa langu. Hawa ni wanafunzi wangu.