Kilomita za Ofisini na Kilomita za Matope



Siku hizi, katika mashamba makubwa ya chai na ya miwa hapa Uganda, umbali haupimwi tena kwa mazoea. Karani hufungua ramani ndani ya kompyuta, akabonyeza mahali pa kuanzia, akabonyeza mahali pa kufika, na mara moja mashine ikachora mstari na kutoa jibu: kilomita 11. Basi fundi wa mitambo, karani wa mizani, msimamizi wa wakata miwa na kila mwenzetu anayetumwa kwa pikipiki yake hulipwa petroli ya kilomita 11. Lakini yeye mwenyewe amekwenda 17. Tunauliza: kilomita 6 zilizobaki nani anazilipa?

Jibu tunalo. Anazilipa mfanyakazi kutoka mfuko wake. Tufanye hesabu pamoja. Kilomita 6 kwenda na 6 kurudi ni 12 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilomita 312. Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita moja: hiyo ni karibu lita 8 za petroli kila mwezi, mbali na tairi, cheni na mafuta ya injini. Huu ni mshahara unaokatwa bila kuandikwa mahali popote, na kwa kuwa umekatwa na mashine, tunaambiwa hakuna mtu wa kumlalamikia.

Wako wenzetu wanaosema kwamba ramani na GPS ni mambo ya mainjinia, na kwamba kazi ya chama ni mishahara. Sisi tunasema jambo hili ndilo mshahara wenyewe. Wapimaji wa zamani walipotupunja kwenye mizani ya majani ya chai, hatukusema mizani ni mambo ya wahandisi. Tulijifunza kuisoma. Na hii nayo ni mizani, ila inapima barabara.

MASHINE INAJUA NINI

Kwanza tuelewe chombo chenyewe, maana mtu hawezi kubishana na kitu asichokijua. GPS ilianzishwa na jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Chombo kilicho mkononi mwako husikiliza angalau nne kati yake, kikapima tofauti za muda, kikajua mahali uliposimama. Mpango mzima ulikamilika mwaka 1995. Hata hivyo, hadi Mei 2000 raia walipewa mawimbi yaliyoharibiwa makusudi, yenye kosa la hadi mita 100 hivi, na jeshi likabaki na yaliyo sahihi. Hata huko angani palikuwa na matabaka, ndugu zangu! Leo simu ya kawaida, chini ya mbingu wazi, hukosea mita chache tu.

Neno la kushika hapa ni hili: GPS hupokea tu, haitumi. Haihitaji vocha wala mtandao wa simu. Chombo kinachotuma habari zako kwa mwajiri ni kingine, kile chenye laini ya simu ndani yake, kinachofichwa chini ya kiti cha pikipiki. Kwa hiyo wenzetu wanaosema tuikatae GPS yote kwa kuwa ni mpelelezi wanachanganya sikio na mdomo. Sikio ni mali yetu sote. Mdomo ndio wa kuuwekea masharti.

Sasa tuje kwenye programu ya kupanga njia. Ndani yake kila kipande cha barabara kimeandikiwa urefu wake na mwendo unaodhaniwa kufaa hapo. Ukiitaka njia, mashine hujumlisha vipande na kuchagua jumla iliyo ndogo kuliko zote. Haina chuki na mtu, na wala haina huruma. Inajua kile tu kilichoandikwa. Kama mtu fulani aliandika kwamba kuna daraja mtoni, mashine itakupitisha hapo hata kama magogo ya daraja hilo yalichukuliwa na maji. Haijui kwamba geti la shamba hufungwa jioni. Haijui kwamba kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba, mteremko wa udongo mwekundu unakuwa sabuni, na mwenye akili huzunguka kwa juu. Baadhi ya programu hazina hata pikipiki: hukuuliza kama unakwenda kwa gari, kwa baiskeli au kwa miguu. Karani huchagua gari, naye anayeteleza kwenye matope analipwa kama aliyepita lami.

WANANCHI WAMEKWISHA KUCHORA

Ramani si mali ya ofisi peke yake. Mwaka 2004, huko Uingereza, ilianzishwa OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Tungeweza kuiita ramani ya ujima. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walishika vyombo vya GPS wakapita vichochoroni, na mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa mahali patupu ukaonekana na vituo vyake vya maji, zahanati na shule. Mwaka 2014, hapo hapo Nairobi, ramani ya njia za matatu ilitolewa, nayo ilikusanywa na wanafunzi waliopanda matatu wakiwa na simu zao. Na kuanzia 2015, Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi wa mitaa walichora mifereji na nyumba katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, ili mafuriko yajulikane yatapita wapi.

Ikiwa wakazi wa mitaa hiyo waliweza, mfanyakazi anayeijua kila kona ya shamba atashindwaje?

TUFANYE NINI

Kila tawi lichague wapanda pikipiki watatu wenye simu zinazofaa. Kabla ya kutoka, wapakue ramani ya wilaya nzima ndani ya simu, kwa programu kama OsmAnd, ambayo hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Waipange safari mezani kwanza, kisha waandike jibu la mashine. Halafu waende, huku simu ikiandika njia halisi waliyopita. Rekodi hiyo huhifadhiwa katika faili la GPX, ambalo programu nyingi za ramani huweza kulifungua, hata ile ya mwajiri.

Mwajiri atasema simu hukosea, na kusema kweli hukosea. Chini ya miti mirefu mstari huyumba, na ukisimama muda mrefu simu huweza kuongeza mita ambazo hukwenda. Ndiyo maana tunataka watu watatu, wala si mmoja. Waipite njia ile ile wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua, wakisoma pia mita ya kilomita iliyo kwenye pikipiki, na kuandika yote katika daftari lenye tarehe na saini. Hesabu tatu zikikubaliana, mtu hawezi kuzifuta kwa maneno.

Usalama uje kwanza. Simu ikae mfuko wa kifua, na mwenye kutaka kuitazama asimame kando ya barabara. Mtikisiko wa pikipiki huharibu vifaa, na mwaka 2021 watengenezaji wa iPhone wenyewe walitoa onyo kwamba mtikisiko huo unaweza kudhuru kamera ya simu iliyofungwa kwenye usukani. Lakini simu hununuliwa nyingine. Mpanda pikipiki hanunuliwi.

Wakisha kupata hesabu, wajumbe wetu waipeleke mezani wakati wa mazungumzo ya mkataba. Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kilomita za malipo zipimwe kwa kuipita njia yenyewe, mwakilishi wa wafanyakazi akiwapo, na ziwe na kiwango cha kiangazi na kiwango cha mvua. La pili, palipo na chombo cha kufuatilia, mfanyakazi aambiwe, na chombo kizimwe kazi inapokwisha. La tatu, mfanyakazi apewe nakala ya rekodi inayomhusu. La nne, rekodi ya mashine pekee isitoshe kumfukuza mtu kazi kabla hajasikilizwa.

Haya si maombi ya hisani. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Sheria hizo zinampa mtu haki ya kuuliza ni habari gani zake zimewekwa, na kuziona. Rekodi ya safari zako ni habari zako. Tuitumie haki hiyo, maana haki isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani.

ZAIDI YA PETROLI

Liko jambo jingine, nalo ni zito kuliko fedha. Mama akishikwa na uchungu usiku katika kambi ya wachuma chai, chombo kitakachomfikisha zahanati mara nyingi ni pikipiki. Kambi zetu zina namba tu, na namba hizo hazimo kwenye ramani. Dereva wa bodaboda aliyeitwa kutoka mjini hufika njia panda na kuanza kuuliza gizani. Kambi, zahanati, visima na madaraja yanayopitika vikiwekwa kwenye ramani, mwito wa usiku utajibiwa mapema. Kazi hii tawi linaweza kuifanya kwa siku chache za Jumapili.

Lakini tuwe macho. Si kila kitu huwekwa hadharani. Nyumba za viongozi wa tawi na mahali tunapokutana visiandikwe kwenye ramani inayosomwa na kila mtu. Na rekodi za safari za waandalizi wa chama zitunzwe na chama, kwa sababu mstari unaoonyesha tulipopita huonyesha pia tuliyemtembelea.

Tunaandika kwa Kiswahili ili ndugu zetu wa mashamba ya Kericho, ya Kagera na ya Burundi wasome nao, kwa kuwa matope hayana pasipoti na makampuni nayo huvuka mipaka. Tawi litakalopima njia zake lituandikie hesabu iliyopatikana, na wengine waitumie katika mikataba yao.

Mwajiri ana ramani yake. Sisi tuna magurudumu, macho na umoja. Tuchore ya kwetu, na kilomita tuliyokwenda ilipwe kama tulivyokwenda.

Umoja ni Nguvu!