Njia Mbili Katika Mtaro Mmoja Si Njia Mbili

Siku hizi kila mwenye simu hujiona mtaalamu wa mtandao. Mwulize intaneti ya Kenya yatoka wapi, atakuelekeza Mombasa, akuambie habari za nyaya za faiba zilizotandazwa chini ya bahari. Na hajakosea. TEAMS ilifika Mombasa mwaka wa 2009 kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. SEACOM ilianza kazi Julai mwaka uo huo, na EASSy ikafuata 2010. Lakini hebu mwulize swali la pili: nyaya hizo zikikatika zote leo asubuhi, je, mwanafunzi wa Nairobi ataweza kumwandikia mwenzake wa Kisumu? Hapo utamwona anakuna kichwa.

Mimi nasema ataweza, ila kwa sharti moja. Sharti lenyewe ni kuwa tuwe na mahali petu pa kukutanisha mitandao hapa nyumbani, tena pajengwe na watu wanaotarajia mabaya. Naona sisi wa Afrika Mashariki tumeshangilia mno nyaya za baharini, tukazisahau za nchi kavu.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2000, kila kampuni ya kuuza intaneti Nairobi ilikuwa na njia yake ya setilaiti ya kwendea Ulaya au Marekani, na hazikuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa wewe ni mteja wa kampuni moja na jirani yako ni wa nyingine, barua yako ya kumwalika chai ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita kama 36,000 juu, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Piga hesabu: hizo ni kilomita 144,000 kwa kwenda tu. Hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde, na jibu lake nusu nyingine. Wahenga hawakukosea waliposema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sisi tulikuwa tukimlipa huyo ndugu kwa dola, tena mara mbili kwa barua ile ile moja, ati atupelekee salamu kwa jirani!

Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo, kwa kupitia chama chao cha TESPOK, ziliamua kukutana. Kila moja ilivuta waya hadi chumba kimoja jijini Nairobi, zikauingiza katika swichi moja, na kituo kikaitwa KIXP. Safari iliyochukua milisekunde 1,200 hadi 2,000 ikawa ya 60 hadi 80. Ungedhani watu watacheza ngoma. Thubutu! Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa wakati huo, ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na Tume ya Mawasiliano ikakifunga kituo katika muda wa majuma mawili hivi. Angalia kichekesho hiki: barua ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa mwingine ilihesabiwa kuwa ya kimataifa kwa kuwa ilizoea kuzurura Ulaya. Ilibidi watu wabishane, wafafanue, waombe leseni, na kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Kampala walianza chao mwaka 2001, Kigali 2004. Dar es Salaam na Arusha wana vyao pia, na Mombasa ikaja kupata cha kwake.

Kwa hivyo vituo tunavyo. Ninachouliza ni kama vitasimama siku ya msukosuko.

Msukosuko wenyewe si wa kubuni. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa, nanga ikaikata TEAMS, na wakati huo kulikuwa na nyaya nyingine zilizokwisha kukatika katika Bahari ya Shamu siku chache tu kabla. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika tena katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwa mojawapo. Inaaminika ziliburutwa na nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imepigwa kombora na kuachwa ikielea. Kabla hazijatengenezwa, tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kaskazini kumefungwa, kusini kumefungwa. Tanzania iliumia sana, na sisi Kenya tulionja.

Sasa tuje kwenye uhandisi, maana makala ya malalamiko matupu hayamsaidii mtu.

Uzi wa faiba ni kioo chembamba kama unywele. Mwanga husafiri ndani yake kwa kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kutoka Nairobi hadi Mombasa, tukisema ni kilomita 500, ni milisekunde mbili na nusu. Hata kioo kizuri namna gani humeza mwanga. Kila kilomita 15 hivi nusu yake huwa imepotea, na ukifika kilomita 80 imebaki sehemu moja tu kati ya arobaini. Ndiyo sababu kando ya barabara kuu kuna vibanda vyenye vifaa vya kuukuza mwanga, na kwa Nairobi hadi Mombasa utahitaji vitano au sita. Isitoshe, uzi mmoja hupitisha rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, rangi ambazo jicho haliwezi kuziona, na kila rangi hubeba mzigo wake. Hiyo ndiyo neema ya faiba na ndiyo hatari yake. Kampuni kumi zaweza kukodi rangi kumi ndani ya uzi mmoja, zikatangaza kuwa ni njia kumi, na tingatinga moja la mjenga barabara likazimaliza zote kabla ya chai ya saa nne.

Hapa nitoe mfano wa karibu. Mwaka jana shule yetu ililipia laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili (sitazitaja), kusudi moja ikilala nyingine iwe macho. Lilikuwa wazo zuri, na wazazi walichanga. Muhula wa pili lori likagonga mlingoti pale njia panda, na laini zote mbili zikafa pamoja kwa siku nne, wiki ile ile ambayo walimu walitakiwa kutuma alama zetu. Mafundi walipokuja ndipo ilipojulikana kwamba kampuni ya pili ilikuwa imekodi nafasi katika waya wa ya kwanza. Tulikuwa tumelipia risiti mbili, si njia mbili.

Kosa hilo hilo liko katika ukubwa wa nchi. Kati ya Mombasa na Nairobi kuna faiba inayofuata barabara, kuna inayofuata reli, na kuna inayoning'inia juu ya nguzo za stima. Kwenye orodha ni tatu. Lakini tazama ramani: barabara na reli zaongozana kupitia Voi na Mtito Andei kama mapacha waliotumwa dukani. Mafuriko ya Aprili 2024, yalipoifunga barabara ya kwenda Garissa, yalituonyesha kwamba maji hayaulizi mtaro huu ni wa kampuni gani. Ukitaka njia ya pili ya kweli, iondoe kabisa katika bonde hilo. Itoke Nairobi ipite Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe hadi Tanga, kisha Horohoro na Lunga Lunga, ifike Mombasa. Hapo unapata duara. Duara likikatwa mahali pamoja, mzigo hugeuka ukapita upande wa pili. Na kwa kuwa kutoka Voi kupitia Taveta hadi Moshi si mbali, unaweza kuliongezea duara hilo ufito wa katikati. Watanzania wana Mkongo wa Taifa, sisi tuna faiba ya serikali iliyoanza kutandazwa 2007, kwa hiyo sehemu kubwa ya kioo kinachotakiwa tayari imezikwa ardhini. Duara la pili lingezunguka Ziwa Viktoria: Kisumu, Busia, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, Mwanza, Sirari, Kisii, Kisumu. Naona hili ndilo lingekuwa zuri zaidi, maana lingeifaa nchi tatu bila kutia mguu baharini.

Lakini kuna mtego ambao wengi huuingia kwa nia njema. Ukishakuwa na duara, unatamani kuunganisha swichi zote za miji yote ziwe kituo kimoja kikubwa cha Afrika Mashariki. Wazo tamu, lakini silipendi. Swichi ni kama bweni baada ya taa kuzimwa: neno moja likianza kurudiwa kitanda hadi kitanda, halina wa kulizima. Fundi mmoja wa Mombasa akiunganisha waya vibaya, zikazunguka habari zile zile bila kikomo, basi Nairobi, Arusha na Kampala zote zitapaliwa. Heri kila mji uwe na kituo chake kinachoweza kuishi peke yake, na kampuni zenyewe zibebe mzigo kati ya mji na mji kwa ruta zao. Mombasa ikiungua, Nairobi isisikie hata moshi.

Ndani ya mji nako kusiwe na chumba kimoja. Ziwe nyumba mbili zilizo mbali, kila moja na swichi yake na seva yake ya kuelekeza njia, na kila kampuni ijiunge kote kuwili. Tena mafundi wasitosheke na mpangilio wa kiwandani, ambao huifanya ruta isubiri sekunde 90, au hata 180, kabla ya kukubali kuwa mwenzake amekufa. Dakika tatu ni nyingi mno kwa mtu anayetuma pesa hospitalini.

Halafu stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukunusurika. Uzi wa kioo hauhitaji umeme, lakini vile vibanda vya kukuza mwanga vyahitaji. Betri za kibanda zikiwa za saa nne na giza likawa la saa kumi na mbili, duara lako zuri limebaki kuwa pambo. Nyumba zote mbili za kituo zikinywa stima kutoka laini moja, na jenereta zote mbili zikingoja dizeli kutoka kituo kimoja cha petroli, umerudi kwenye ule mlingoti wa njia panda.

Kuna na jambo la majina. Kompyuta haiijui tovuti kwa jina lake mpaka iulize seva ya majina. Seva hizo zikiwa ng'ambo na bahari imekatika, utakuwa na kituo kizima, faiba nzima, na usimwone mtu. Kwa bahati njema Nairobi tuna nakala za seva za shina, na majina yanayoishia kwa .ke yanasimamiwa hapa na KENIC. Tatizo ni sisi wenyewe. Shule, makanisa, misikiti na hata ofisi nyingi huweka tovuti zao katika seva za Ulaya au Marekani kwa kuwa ni nafuu kwa shilingi chache. Bahari ikikatika, mzazi wa Nairobi hawezi kusoma tangazo la shule iliyo Nairobi. Tumerudi enzi za setilaiti kwa hiari yetu!

Najua wako watakaonicheka, waseme mambo ya faiba yamepitwa, siku hizi ni Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Sibishi kwamba kwa ndugu zetu wa Marsabit na Turkana hiyo ni baraka. Ila setilaiti nayo lazima ishushe mzigo wake mahali fulani ardhini ukutane na mitandao mingine, na ndiyo maana kampuni hiyo ilikuja kufungua kituo chake Nairobi Januari 2025. Juu angani hakuna soko, soko liko chini.

Kwa hivyo nadai kitu kimoja ambacho hakina gharama ya kuchimba. Mamlaka ya Mawasiliano, kabla ya kumpa mtu leseni au kuiongeza, imtake aonyeshe ramani ya mitaro na nguzo anazopita, za kwake na za kukodi, na wenzake wa Tanzania na Uganda wafanye vivyo hivyo, kisha ramani hizo ziwekwe juu ya meza moja. Kampuni zitasema ni siri ya biashara. Ziulizwe siri hiyo yamficha nani, maana tingatinga linajua mtaro uko wapi bila ramani. Na hapa kwetu, mkataba wa laini zile mbili unaisha Desemba. Mwalimu wa kompyuta ameniambia kampuni ya tatu imeleta bei nzuri kuliko zote. Bado haijaleta ramani.